Likizo ya Oman: Anza na Majira, Tiketi Baadaye

Kila mwaka ifikapo mwezi wa nne au wa tano, swali hurudi lilelile kutoka Dar, Unguja, Mombasa na Nairobi: "Nimeona tiketi ya Maskati bei nafuu, ninunue?" Nami huuliza kwanza: ya mwezi gani? Ikiwa ni ya Juni au Julai, iache. Miezi hiyo joto la Maskati hupita nyuzi 40 mchana, na usiku haupoi kiasi cha kukupa nafuu. Utalipia hoteli ili ushinde ndani ya kiyoyozi.

Makala hii ni ya anayekwenda kutembea: mtu mmoja, mume na mke, au familia yenye watoto, ambao hawajawahi kufika Oman na hawataki kurudi wakisema waliona maduka tu. Nimeipanga kwa utaratibu ninaoutetea siku zote: majira, karatasi, tiketi, njia, pesa, kisha mwenendo. Wengi huanza na tiketi, na karibu kila hasara ninayosimuliwa imeanzia hapo.

"Kwa nini Oman, na Dubai ipo?"

Kama unataka maduka makubwa na majengo marefu, nenda Dubai, utafurahi. Oman inamfaa anayependa bahari, milima na ngome za kale. Tena kwetu watu wa pwani ina jambo la ziada: historia yake na yetu ni moja kwa vipande virefu.

Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507. Katika miaka ya 1580 wakajenga ngome mbili, Al Jalali na Al Mirani, juu ya majabali yanayoikabili ghuba yake, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Waomani waliwafukuza Maskati mwaka 1650, kisha wakawafuata hadi kwetu: Fort Jesus iliangukia mikononi mwao mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Aliyewahi kutembea juu ya kuta za Fort Jesus akisimama mbele ya Al Mirani hahitaji kuelezwa mengi.

Majira: miezi ya kwenda na ya kuacha

- Novemba hadi Machi. Huu ndio wakati wenyewe. Mchana una jua la kupendeza, bahari ni shwari, na unaweza kutembea kwa miguu bila kuzimia. Usiku wa jangwani na milimani ni baridi ya kweli, kwa hiyo beba sweta na soksi. Juu ya Jebel Shams, mlima wa mita zipatazo 3,000, joto huweza kushuka hadi karibu na sifuri. Desemba na Januari hoteli hupanda bei, basi weka nafasi mapema.
- Mwisho wa Machi na Aprili. Maskati imeanza kuchemka, ila Jebel Akhdar mawaridi yamechanua na wenyeji wanachemsha maji ya waridi. Kama huo ndio mvuto wako, nenda, na usiku mwingi ulale mlimani.
- Mei hadi Septemba. Acha, isipokuwa unakwenda Salalah, kusini kabisa. Huko, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, huingia msimu wa ukungu na manyunyu uitwao khareef, na milima yote hugeuka kijani.

Kuhusu Salalah nitasema waziwazi maoni yangu. Familia za Ghuba humiminika huko msimu wa khareef kwa sababu kijani na manyunyu kwao ni adimu. Wewe unayetoka Lushoto, Limuru au hata Pemba, usitoe nauli kubwa kwenda kuangalia migomba na minazi chini ya mvua, tena katika miezi ambayo hoteli zimejaa na bahari imechafuka haifai kuogelea. Salalah nenda wakati wa baridi, uone magofu ya Al Baleed na Sumhuram, bandari zilizosafirisha ubani karne nyingi. Zote mbili zimo katika eneo la Nchi ya Ubani lililoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Ramadhani je? Husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imekuwa ikiangukia ndani ya miezi ya baridi, kwa hiyo itazame kwenye kalenda kabla ya kuchagua tarehe. Mchana mikahawa hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kosa kisheria hata kwa asiyefunga. Sehemu za kutembelea hupunguza saa. Muislamu anayependa futari na masoko ya usiku anaweza kuuona huo ndio wakati bora. Mwenye watoto wadogo, au mwenye siku chache za kuzunguka, achague tarehe nyingine.

Karatasi, kabla hujalipa senti

Viza ya Oman huombwa kwa mtandao kupitia tovuti ya Polisi wa Kifalme wa Oman. Masharti hutegemea pasipoti unayobeba, wala hayahusiani na mahali unapoishi. Ndugu zetu walio Ulaya au Amerika Kaskazini wenye pasipoti za huko wengi huruhusiwa kuingia bila viza kwa hadi siku 14, wakiwa na tiketi ya kurudi, hoteli iliyothibitishwa na bima. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki asijipe ruhusa hiyo kwa kusikia habari za binamu yake wa London. Angalia taifa lako kwenye tovuti hiyo wiki unayopanga kuomba, kwa kuwa orodha hubadilika. Mataifa mengine hutakiwa kupitia mdhamini, kama hoteli au kampuni ya watalii, na hapo itabidi hoteli itangulie viza.

Hakikisha haya:

- Pasipoti ina miezi sita au zaidi kuanzia siku utakayoingia, na ina kurasa tupu.
- Jina kwenye viza, tiketi na pasipoti ni moja, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya kompyuta ya uwanja wa ndege. Majina matatu ya pasipoti yaandike yote matatu.
- Anwani ya tovuti umeiandika mwenyewe. Zipo tovuti za kuiga zinazotoza mara mbili au tatu kwa kazi ya kujaza fomu.
- Kadi ya manjano unayo. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya dakika za mwisho haikusaidii. Ukishachanja, cheti ni cha maisha.
- Dawa zako ziko katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Baadhi ya dawa kali za maumivu na za usingizi zimewekewa udhibiti mkali huko.
- Mirungi hubebi hata kijiti, wala humbebei mtu mzigo usioujua. Mirungi kule ni dawa za kulevya, na kesi za dawa za kulevya hazina mzaha.

Sasa onyo ambalo sitachoka kulirudia. Wakala akikwambia, "Nenda kwa viza ya utalii, kazi utapata hukohuko," achana naye. Viza ya utalii haikupi haki ya kufanya kazi. Ukifika, unakuwa mtu asiye na mkataba, asiye na mlinzi wa kisheria, na deni la nauli limekuning'inia shingoni. Tumewasikia dada zetu waliopitia hayo. Na kwa sababu ya biashara hiyo, msichana anayekwenda kutembea kihalali anaweza kuhojiwa kwa kirefu na maafisa wa uhamiaji kabla ya kuondoka nyumbani. Asikasirike. Abebe kwenye karatasi tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli kwa siku zote, barua ya likizo kutoka kazini na ratiba ya matembezi. Majibu yanayofanana na karatasi humaliza mahojiano haraka.

"Lakini wakala wangu ni mwaminifu, anashughulikia kila kitu." Vizuri, hata hivyo mwombe nakala ya viza yenyewe, soma aina yake na idadi ya siku, kisha ihakiki kwa namba yake kwenye tovuti rasmi. Anayepitisha muda wake hutozwa faini kwa kila siku anayozidisha, na faini hiyo utadaiwa wewe uliye mlangoni, yeye yuko ofisini kwake.

Tiketi na ile saa ya usiku

Kutoka Dar es Salaam au Unguja, ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa tano. Za kuunganisha kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai wakati mwingine ni nafuu. Zinunue kama tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri, na huenda ukalazimika kuingia nchi ya katikati ukachukue begi na kulisajili upya, jambo linalohitaji viza ya nchi hiyo.

Halafu kuna kosa linalotupata sisi hasa, watu tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Chukua tiketi iliyoandikwa "15 NOV 00:35". Msafiri anajiandaa tarehe 15 mchana kutwa, anaaga, anafika uwanjani usiku, na ndege imeshaondoka usiku uliotangulia. Saa hiyo ni saa sita na dakika thelathini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14 jioni. Ndege nyingi za Ghuba huondoka nyakati hizo, kwa hiyo andika kwenye kalenda ya simu saa ya kutoka nyumbani, kwa Kiswahili na pamoja na jina la siku: "Ijumaa, saa mbili usiku". Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Njia: siku ngapi, na wapi

Siku nane hadi kumi zinatosha kwa kaskazini peke yake. Kosa kubwa la wageni ni kutaka kuongeza Salalah kwa gari: ni kama kilomita elfu moja za jangwa kutoka Maskati. Kama lazima uende, panda ndege ya ndani na uipe siku tatu zake.

Mzunguko ninaoupendekeza ni Maskati, Nizwa na milima, jangwa la Sharqiya, Sur, kisha kurudi Maskati kwa barabara ya pwani.

*Maskati, siku mbili au tatu.* Mji umejinyoosha kati ya mlima na bahari, na huwezi kuutembea wote kwa miguu. Lala karibu na Mutrah ukipenda soko na bahari. Soko la Mutrah hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, na Ijumaa asubuhi utakuta milango imefungwa. Alfajiri nenda soko la samaki lililo jirani: utawakuta nguru na jodari wamelazwa, na wanunuzi wakiwafunua matamvua kama wafanyavyo soko la Ferry, Dar es Salaam. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yanatazamana na kasri la Al Alam, na ngome mbili za Wareno ziko nyuma ya kasri hilo, hatua chache tu.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Muislamu aende wakati wa swala, aswali, kisha akae atazame. Zulia la ukumbi wa wanaume lina mita za mraba 4,343, na lilifumwa na mafundi wa Kiirani wapatao 600 kwa miaka minne. Mwanamke afunike nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni. Buibui na mtandio wa nyumbani vinatosha, huna haja ya kukodi vazi mlangoni.

*Nizwa, siku mbili au tatu, na mojawapo iwe Ijumaa.* Ni kilomita kama 160 kutoka Maskati. Panga ulale Nizwa Alhamisi usiku, uamke na adhana, uende kwenye mnada wa mifugo chini ya ngome. Wauzaji huzungusha mbuzi kwenye uwanja wa duara, kamba mkononi, huku wanunuzi wamepanga mistari miwili, ndani na nje ya mzunguko. Mnunuzi humsimamisha mbuzi, humbonyeza mgongo, humfungua mdomo aone meno, hutaja bei, na muuzaji huendelea na mzunguko mpaka apatikane wa kumzidi. Saa tatu asubuhi karibu yote yamekwisha. Anayelala Maskati akitegemea kuwahi hukuta uwanja unafagiwa. Usisimame katikati ya njia ya mifugo kupiga picha, maana watu wako kazini.

Mnara wa ngome ya Nizwa ulijengwa na Imam Sultan bin Saif, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati. Panda ngazi polepole ukitazama juu ya kila mlango: kuna matundu ambayo walinzi walimwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Kutoka hapo fika Bahla, ngome ya udongo iliyo kwenye urithi wa dunia tangu 1987, kisha kasri la Jabrin lenye dari zilizochorwa maua. Jabrin alilijenga Imam Bil'arab bin Sultan, na humo ndimo alimofia, amezingirwa na ndugu yake Saif. Ndugu huyo ndiye aliyekuja kuwa Imam na kuitwaa Fort Jesus. Kama una muda wa kasri moja tu, chagua Jabrin.

Kupanda Jebel Akhdar ni lazima uwe na gari la kuvuta magurudumu yote manne. Polisi wana kizuizi chini ya mlima, na gari dogo hurudishwa hata ukibembeleza.

*Jangwani, usiku mmoja.* Unatosha. Chagua kambi inayokuja kukuchukua barabarani, usijaribu kuendesha mchangani kama hujazoea.

*Pwani ya Sur, siku mbili.* Sur ni mji wa majahazi. Vyombo vyake vilishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, vikarudi na kusi, na wazee wa pwani bado wanawakumbuka Waarabu wa Suri. Karakana ya majahazi ingalipo, na karibu nayo limewekwa Fatah al-Khair, chombo kilichoundwa hapohapo mwaka 1951. Njiani kati ya Sur na Maskati kuna Qalhat, mji uliobaki magofu, ulioingizwa urithi wa dunia mwaka 2018. Ibn Battuta aliyetembelea Kilwa mwaka 1331 alifika pia Qalhat. Kilichosimama hasa ni kaburi la Bibi Maryam, nawe ulitazame kwa mbali kama uzio umefungwa.

Ras al-Jinz, mashariki ya Sur, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Huja mwaka mzima, ila wengi ni miezi ya joto, kwa hiyo Desemba unaweza kumwona mmoja au usimwone kabisa. Huingii bila kiongozi, na nafasi huwekwa mapema. Taa ya simu na mwanga wa kamera ni marufuku, mweleze mtoto kabla hamjafika.

Wadi Shab huwavutia wengi kwa mabwawa yake ya maji ya kijani. Unavushwa kwa mashua ndogo, kisha unatembea kama dakika arobaini na tano juu ya mawe. Shikilia haya:

- Vaa viatu vinavyoshika, vya kulowa. Kandambili zitakuumiza.
- Anza asubuhi, na usiende Ijumaa kama unapenda utulivu.
- Mvua ikitabiriwa, hata mlimani mbali, usiingie bonde lolote. Maji hushuka kwa ghafla kutoka mahali usipopaona.
- Maji yakipita barabarani, simama. Kuvuka bonde linalotiririka kwa gari ni kosa kisheria, na ni njia inayoua watu.

Kuendesha gari

Kukodi gari ndiyo njia bora ya mzunguko huu, kwa sababu barabara ni nzuri sana. Tatizo letu ni upande. Oman huendesha kulia, kinyume na Tanzania, Kenya na Uganda. (Msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi hapo hana shaka.) Hatari haipo kwenye barabara kuu yenye magari mengi. Ipo asubuhi unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu, mkono unakurudisha kushoto wenyewe. Weka abiria wa mbele awe mkumbushaji. Kwenye mzunguko, anayekuja kutoka kushoto kwako ndiye mwenye haki. Hata ukiwa unatembea kwa miguu, tazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka.

Mwendo wa juu kwenye barabara kuu huwa kilomita 120 kwa saa, na kamera ni nyingi. Beba leseni ya nyumbani pamoja na ya kimataifa, na muulize mkodishaji kwa maandishi kama anaikubali yako. Piga video ya gari lote kabla ya kuondoka nalo.

Usiyeendesha usikate tamaa. Mabasi ya Mwasalat hufika Nizwa, Sur na Salalah, na mjini kuna programu ya Otaxi inayokuonyesha nauli kabla hujapanda. Kwa mabonde na milima, changieni gari na kiongozi kwa siku moja moja.

Pesa

Riali ni fedha nzito. Tangu 1986 imefungwa na dola, na riali moja ni kama dola 2.60. Hugawanywa kwa baisa 1,000, na hapo ndipo macho yetu huteleza: bei iliyoandikwa "4.500" ni riali nne na nusu, zaidi ya dola kumi na moja, wala si elfu nne na mia tano. Geuza bei ya kila kitu kuwa shilingi kwa siku mbili za kwanza mpaka akili izoee.

Usinunue riali nyumbani, maduka ya fedha ya kwetu hukupa kwa bei mbaya. Nenda na dola safi zisizokunjwa, ubadili kidogo uwanjani na zilizobaki mjini. Kadi ya benki hufanya kazi karibu kote, ila iarifu benki yako kabla ya safari. Riali taslimu weka kwa ajili ya mashua za mabondeni, chai za barabarani na masoko.

Gharama kubwa ni malazi na gari. Chakula kinaweza kuwa nafuu kuliko unavyodhani: shawarma huwa chini ya riali moja, na jioni kando ya barabara kuna mishkak, mishikaki yetu ileile. Ukiona shuwa, nyama iliyofukiwa kwenye shimo la moto usiku kucha, usiipite. Ukiweka hoteli, soma bei ya mwisho kabisa, kwa maana kodi na tozo za huduma huongezwa chini. Hapo ndipo bajeti za wengi huvunjika.

Mwenendo, na Kiswahili kisichokuwa siri

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Kwenye ufukwe wa umma ogelea kwa vazi la heshima. Usipige picha ya mwanamke, askari wala jengo la serikali, na mzee umwombe kwanza. Pombe ni kwenye hoteli zenye leseni tu. Ishara ya matusi barabarani hufikishwa polisi.

Waomani wengi wana asili ya Unguja na Pemba, na wengi wao walihamia au kurudi baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na baada ya Sultan Qaboos kuanza kutawala mwaka 1970. Utakisikia Kiswahili sokoni, benki, hospitalini, kizuri kuliko cha wengi wetu. Basi usimseme mtu mbele yake ukidhani haelewi. Mzee mwamkie "Shikamoo", utaona uso unavyofunguka. Habari za mapinduzi usizianzishe wewe. Kuna waliozika watu wao. Mwenyeji akikusimulia, sikiliza bila kubishana.

Ukikaribishwa, kula tende au halwa kwanza, kwa mkono wa kulia, kisha kahawa. Kikombe ni kidogo na kitajazwa tena na tena. Ukitosheka, kitikise kidogo kwa vidole unapokirudisha.

Ununue nini, ukipakie wapi

Ubani bora ni wa Hojari, vipande vyeupe vinavyoelekea kijani. Wa kahawia wenye vumbi ni wa bei ya chini, usilipe wa juu kwa huo. Waombe wauwashe kidogo unuse. Kofia za kudarizi ni nzuri na ni nyepesi. Jambia, hata la mapambo, liingie begi kubwa, la sivyo utaliacha kwenye ukaguzi. Halwa nayo iweke humohumo, kopo limefungwa kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu wakaguzi wa mizigo ya mkononi huihesabu pamoja na vitu vya majimaji.